Siku Mama Mabata Alipokosekana Mlangoni

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye usukani wa basi la milimani, dereva wetu tuliyezoea kumwita Babu Salamu anastaafu rasmi mwisho wa mwezi huu. Niliombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa safari ya juzi bado haijanitoka akilini.

Alianza kama utingo wa lori la mbao, akapanda hadi dereva wa basi, na hapo akaganda. Mara mbili aliitwa ofisini apewe usimamizi wa karakana, na mara mbili alikataa, akidai kwamba nati hazijui kuitikia salamu. Kila kona ya barabara ile ana mtu wake: fundi cherehani, muuza mkaa, hata bibi mmoja kiziwi ambaye yeye humuwashia taa za basi badala ya kumpigia honi. Hupunguza mwendo, husalimia, kisha husubiri aitikiwe. Abiria wakinung'unika, huwauliza wanakimbilia nini na mlima hauhami.

Juzi mlima ulihama.

Mimi ndiye mpanga ratiba, nikapanda naye ili nimsindikize katika safari yake ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Kabla ya mteremko mkubwa kuna nyumba ya Mama Mabata, mjane mfuga bata, ambaye akisikia honi hutoka mlangoni na kupunga mkono. Babu Salamu akapiga honi. Mlango ulikuwa wazi, bata wamejaa uani, mwenyewe hayupo. Akapiga tena, akangoja, kisha akazima injini. Basi zima lilimjia juu. Kondakta alimwambia huenda mama wa watu ameenda kuteka maji. Akajibu kwamba kama ni hivyo, atamsubiri arudi.

Tulishuka mimi na Babu Salamu kwenda kumtafuta. Tulipopita kona tu, barabara haikuwepo. Lami ilikuwa imekatika, na mawe yalikuwa bado yanaporomoka bondeni. Nikakaa kwenye matope na suruali yangu ya ofisini. Sikuamini macho yangu, na mpaka leo siamini vizuri.

Mama Mabata tulimwona ng'ambo ya pili, katikati ya barabara, akipunga mtandio mbele ya lori alilolisimamisha. Alikuwa amezunguka kwa njia ya miguu iliyo juu ya barabara. Alitupazia sauti kwamba mlima ulipoanguka, alijua atawahi kuzuia upande mmoja tu. Akachagua ule wa pili, kwa sababu madereva wa huko hawamjui. Huyu wa kwetu, alisema, akinikosa mlangoni atasimama mwenyewe.

Usalama wa basi zima la watu, nami nikiwemo, Mama Mabata alikuwa ameukabidhi kwa salamu tu. 

Babu Salamu, ahsante kwa kutufikisha miaka yote hii. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na mapumziko yenye amani. Ila nina ombi moja kabla hujakaa kitako. Barabara ikifunguliwa, usukani wako utashikwa na mwanangu, kijana anayejisifu kwamba hachelewi. Tafadhali mpandishe mlimani, umtambulishe nyumba kwa nyumba, asubiri hadi kila mmoja amwitikie.