Barafu Isiyo na Chumvi

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, maana nawaona. Mwangaluka wote. Mimi ni Kabula, mke wa Masanja, wa hapa hapa Mwamapalala. Haya nimeyaandika kwanza nisije nikasahau jina la mtu, ndipo nisimame niyasome.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa samaki. Miaka mingi nilikwenda Mkula, kule ziwani, kwa marehemu Nyamizi mke wa Lukasi, nikachukua sato nikawaleta minadani huku. Kazi ile ilinifundisha kitu kimoja: barafu ukiitia chumvi inakuwa kali, inauma mkono, na samaki anafika jicho bado linang'aa. Nilijivunia hilo. Kwa habari ya barafu hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Kumbe hapo ndipo adui aliponisubiri!

Mume wangu akapatwa na ugonjwa wa sukari. Akawa wa sindano, asubuhi na jioni. Hospitali wakatupa chupa ndogo za dawa, wakasema zikae kwenye ubaridi. Nyumbani hatuna friji. Nikatoa deli langu la samaki, lile sanduku la kuhifadhia baridi, nikalisugua kwa majivu mpaka harufu ikaisha. Mama Gindu wa dukani, Bwana ambariki, akanikubalia nigandishe mifuko yangu ya maji kwenye friza lake. Na mimi mtaalamu nikatia chumvi. Nyingi! Dawa nikaipanga katikati ya barafu ile kama ninavyompanga sato. Niliipanga kwa upendo, ndugu zangu, kwa sababu ya yule aliyekuwa anadungwa.

Kesho yake dawa ilikuwa jiwe. Nikaiweka juani kidogo, ikayeyuka, nikamdunga. Sikumwambia mtu. Niliona ni kama maji tu, yakiganda yakayeyuka yanabaki maji yale yale.

Masanja akaanza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Anakunywa, anatoka nje, anarudi, anakunywa. Akakonda. Wifi yangu Ngollo akasema hapa kuna mkono wa mtu, tumpeleke kwa mganga. Nikakataa, nikapiga magoti nikaomba, halafu nikainuka nikamdunga dawa ile ile iliyoharibika. Naomba, naharibu. Naomba, naharibu.

Mchana mmoja alikuwa kwenye kigoda anabangua karanga, akaanguka. Pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyochacha. Nikamwita, Masanja. Hakuitika. Ndugu zangu, tangu anioe mwanaume huyu hajawahi kukosa kuitika. Hata akinuna, huitika kwanza ndipo anune. Siku ile kimya. Ngassa wa pikipiki akatupakia, mimi nyuma nimemkumbatia mume wangu mpaka Bariadi. Njiani nikamwambia Bwana achukue deli, achukue na meno yangu haya machache yaliyobaki, lakini huyu aniachie.

Walimpokea haraka, wakamtundikia maji. Nesi mmoja, Eliza, binti mpole, akaniuliza dawa naitunzaje. Nikamweleza yote, na chumvi nikaitaja kwa madaha. Akanishika mkono.

"Mayu, mama yangu, dawa hii ikiganda imekufa. Haitaki joto, na haitaki barafu iiguse. Inataka ubaridi wa maji ya mtungi."

Nikamwambia, basi ni mimi niliyemuua mume wangu.

"Hujamuua," akasema. "Ameamka. Anauliza kama umekula."

Hapo nilifunguliwa! Wengine hapa mlifunguliwa pombe, wengine hirizi. Mimi Bwana alinifungua kiburi cha barafu. Nilikuwa namtunza mume wangu kama samaki.

Tukarudi na dawa mpya. Chumvi nikaiacha. Mifuko nayo ilikuwa inavuja, ndipo nikaziona zile chupa bapa za plastiki wanazotupa walevi pale kilabuni. Zinalala vizuri kwenye deli kuliko kitu chochote. Naziosha kwa sabuni, natia maji matupu, naacha nafasi ya vidole viwili maana barafu huvimba, nakaza kizibo. Zikishaganda nazifunga kwenye kitenge cha zamani. Dawa inakaa kwenye kikopo chenye mfuniko, katikati, na kitambaa kingine kimeizunguka. Kisha naingiza mkono. Nikisikia ubaridi wa mtungi, nafunika. Nikisikia barafu ya samaki wa Mkula, naongeza kitambaa! Zikiyeyuka nazirudisha kwa Mama Gindu nachukua zilizoganda. Chupa hizo hizo, tangu tunapanda pamba mpaka tumevuna.

Sasa mkaanza kusema. Msiiname, nawajua kwa majina. Mkasema Bibi Kabula anaonekana kilabuni anaokota chupa, amerudi nyuma. Mzee wa kanisa Yohana akaja nyumbani kuniombea. Alianza mbali, akasifu mvua, akasifu kuku, akauliza kama nina jambo moyoni. Masanja akamwambia kutoka kwenye kigoda chake:

"Yohana, mke wangu hanywi. Chupa zote ni zangu mimi, na sijaonja hata tone."

Mzee Yohana akashtuka zaidi. Ikabidi nifungue deli, nimshike mkono niuingize. Akatulia na mkono wake mle ndani, machozi yakamlenga, kwa sababu mama yake mzazi alikufa kwa sukari hiyo hiyo. Sasa ananiletea chupa mwenyewe, kwenye mifuko ya koti. Mkimwona, wapendwa, msimseme.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Eliza, Mama Gindu, Ngassa, na Ngollo pia, ambaye siku hizi ndiye anayefua vitenge vya deli. Na wewe uliyekaa hapo una mgonjwa wa sindano nyumbani, au una kitu unachokijua sana hata huulizi mtu, mkabidhi Bwana. Halafu uliza. Njoo kwangu, chupa zipo, nitakuonyesha. Yeye aliyenisamehe mimi hatakufukuza wewe.

Namaliza. Mume wangu yuko benchi la tatu, amevaa shati la bluu nililompigia pasi leo asubuhi. Masanja!

Mmemsikia? Ameitika.