Mwalimu Télesphore, Kumi na Moja kwa Ishirini

Tarehe 30 Juni 2004 Mwalimu Télesphore atarudisha ufunguo wa kabati la vitabu vya Kiingereza, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha katika lycée, shule yetu ya sekondari. Alianza Septemba 1973, akiwa na nywele. Wakurugenzi wamepita, serikali zimepita haraka kuliko wakurugenzi, yeye amebaki palepale akiwaeleza watoto wa Bujumbura kwa nini kitenzi cha Mwingereza kinabadilika bila kumwomba mtu ruhusa.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, dereva wa shule, kazi ya kuandika wasifu huu. Walimu wenye shahada wamejaa tele, lakini kila mmoja alikuwa na shughuli. Mimi nimefika Kigoma, Lusaka na Mombasa, na Dubai nimelala kwenye viti vya uwanja wa ndege, kwa hiyo mambo ya dunia nayajua. Shule niliiacha mapema ili nisiwaonee wenzangu. Nimeambiwa niandike kwa Kiswahili, maana hotuba ya Kifaransa ataisoma Mkurugenzi, na wageni watahitaji kitu cha kuwaamsha.

Tuanze na ukarimu wake. Mwalimu Télesphore ni mkarimu kwa kila kitu isipokuwa alama. Mvua ikikukuta atakupa koti lake, njaa ikikukuta atakugawia sahani yake, ila mtihani wako akiushika yeye, jikaze. Kwa mafundisho yake, ishirini kwa ishirini ni ya Mungu, kumi na tisa ni ya Mwingereza mwenyewe akiwa ameamka vizuri, na mtoto wa mitaa yetu, Ngagara au Buyenzi, anahesabiwa kuanzia kumi na tatu kushuka chini. Aliyepata kumi na mbili alibebwa mabegani. Sisi tuliona ni kawaida. Hata daktari aliyemzalisha mama yako huenda alipita na kumi na moja, na wewe ukazaliwa salama.

Vita ilipokuja, na masomo ya chuo kikuu yakawa leo yapo kesho hayapo, wazazi waligundua ghafla kwamba Amerika ipo. Maombi yote ya vyuo vya kule yakamwangukia yeye, kwa kosa la kujua Kiingereza. Hakulipwa, ila alipewa heshima ya kutumia karatasi zake mwenyewe.

Wamarekani wanapenda kuuliza. Fomu moja ilitaka kujua mwombaji anafanya nini baada ya masomo. Maxime, kijana wa Nyakabiga, akaandika kwamba anarudi nyumbani mbio kabla ya saa ya kutotoka nje. Nilishauri, kwa uzoefu wangu, iandikwe "riadha". Mwalimu hakuinua hata macho.

"We endesha gari," akasema.

Swali lingine liliuliza ni dhiki gani kubwa mwombaji amewahi kuishinda. Maxime akaandika: hakuna.

"Na nyumba yenu iliyoungua?" Mwalimu akamuuliza.

"Ile, mwalimu? Ile ni quartier yote, mtaa mzima."

Ilibidi aketi naye na kumweleza taratibu kwamba duniani kuna watu ambao nyumba zao haziungui, na hao ndio watakaosoma fomu.

Sasa nifike kwa Lubna. Huyu ni binti wa Buyenzi, mama yake Mwanne anauza vitenge sokoni. Mwaka 1998, wakati wa vikwazo vya nchi jirani, petroli ikiuzwa kwa chupa za bia kama dawa ya kifua, Lubna aliomba nafasi katika chuo kimoja cha Ohio. Alikuwa wa kwanza darasani tangu aingie kwetu. Kiingereza alikuwa na kumi na mbili, alama ya juu kuliko zote. Mwalimu alimwandikia barua ya sifa kwa kipimo chake mwenyewe: "Mwanafunzi huyu anafundishika." Kwake yeye hiyo ni ngoma na vigelegele.

Jibu likaja kwa faksi. Kwa adabu ile ya mtu anayekufukuza huku amekushikia mlango, Wamarekani waliuliza inakuwaje mwanafunzi bora ana asilimia sitini. Kwao sitini ni ya mtu aliyelala mtihani mzima. Walitaka maelezo ndani ya wiki mbili, la sivyo nafasi na msaada wa masomo vinakwenda kwa mwingine. Lubna hakuwa na chuo kingine wala baba wa kumtafutia. Ohio ikikataa, anaingia dukani kupima vitenge. Kupima vitenge si aibu, lakini kichwa kile kilikuwa kinapima vitu vingine.

Mkurugenzi wetu wa wakati ule, Bwana Anselme, alikuwa mtu wa dawa za haraka.

"Ongeza tu, Télesphore. Weka kumi na nane. Nani atakuja huku kuangalia, na vita hii?"

"Nikiweka kumi na nane, atafika kule wamuombe Kiingereza cha kumi na nane. Atakitoa wapi?"

"Si atakikuta hukohuko?"

"Apana."

Ikawa imekwisha. Sisi wengine tuliona ana roho ngumu. Mimi mwenyewe sikumsemesha asubuhi nzima, na anayenijua anajua kwamba kunyamaza kwangu ni ugonjwa.

Habari zikafika Buyenzi, na Buyenzi ikatuletea Mwanne. Aliingia chumba cha walimu bila kubisha, kitenge amekikaza kiunoni.

"Mwalimu, mutoto wangu alikukosea nini?"

"Mama Lubna, hakunikosea. Kumi na mbili ni nyingi sana."

"Nyingi kwa nani? Mi nikimukatia mutu kitenge nusu, nimuambie ni kirefu?"

"Darasa zima hakuna aliyemfikia."

"Na we? We mwenyewe chuoni walikupa ngapi?"

Ndugu msomaji, kwetu unaweza kumuuliza mwanaume mshahara wake, hata sababu ya kugombana na shemeji yake, lakini alama zake za chuo humuulizi. Salvator, mwalimu wa fizikia, akaanza kupangusa miwani iliyokuwa safi. Bwana Anselme akakumbuka anaitwa ofisini. Mwalimu Télesphore alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Onze," akasema. "Kumi na moja. Na nilikuwa wa pili."

Mwanne akamtazama kuanzia viatu.

"Kumi na moja, na unafundisha?"

"Mwaka wa ishirini na tano huu."

"Basi mutoto wangu anakushinda."

"Ananishinda, ndiyo. Kwa nini unafikiri nilimuandikia?"

Kesho yake alikuja na karatasi ya matokeo yake ya chuo kikuu. Hakuna aliyemwomba. Mtu aliyewatetemesha watoto robo karne nzima aliiweka mezani kumi na moja yake, tuione wote, kisha akaandika kuwaambia Wamarekani: mwalimu aliyetoa kumi na mbili hii ni huyu, yeye alipewa hii, na alikuwa wa pili, pimeni wenyewe.

Baada yake Salvator, ambaye kwa miaka mingi alituambia alimaliza kwa heshima kubwa, akatoa ya kwake mfukoni: kumi na nusu, tena kwa mtihani wa marudio. Bi Dative wa historia alileta kumi na moja na robo, akatembea siku nzima kama bibi harusi. Bwana Anselme alisema yake iliungua. Nami nilitaka kuchangia, wakaniambia faksi haipeleki karatasi tupu.

Nikatia chupa zangu mbili za petroli, tukashuka mjini kwenye duka la faksi. Umeme ulikuwa unakatika kila ikifika zamu ya Salvator, kwa hiyo Ohio walizipokea alama zake mara tatu. Nadhani hakuna mwalimu wa fizikia wa Burundi anayejulikana kule kuliko yeye.

Mmarekani ukimweleza anaelewa. Walimpokea Lubna kwa msaada kamili, na wakauliza kama mwalimu ana wanafunzi wengine wa kumi na mbili. Akawajibu kwamba kwa sasa hana, wajaribu tena baadaye.

Lubna aliondoka Agosti kupitia Kigali, na leo ni mhandisi wa maji. Mama yake alitangaza soko zima kwamba mtoto wake amefundishwa na mwanaume wa kumi na moja. Tulingoja wamcheke. Badala yake wazazi wakaanza kutuletea watoto, wakitaka darasa lake na si la mwingine. Tangu hapo akipita Buyenzi watoto wanamwita Mwalimu Onze, naye anawainulia kofia. Maxime naye alipata chuo, yuko Minnesota, analalamikia baridi. Hiyo dhiki ameiona bila kufundishwa. Na kila ombi linaloondoka hapa linaambatana na zile karatasi za aibu yetu. Zimesafiri kuliko mimi, na hilo linaniuma.

Mwalimu, wanafunzi wako Ingrid na Régis bado hawajamaliza fomu zao za Amerika. Mke wako, Mama Spéciose, ametusihi tukuache upumzike, na ametusihi huku akinunua benchi ya pili ya kuweka barazani kwenu Ngagara. Tumemwelewa. Watoto watakuja mchana, ukishakula.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, na akina mama wa soko ambao hawakualikwa lakini watakuja, asante. Uwe na afya, uwe na usingizi usiokatizwa na milio ya risasi, pensheni ikukute ukiwa hai, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema. Wakikuuliza ulitufanyia nini miaka yote hiyo, jibu kama ulivyozoea, punguza. Sisi tutabaki huku tukiongeza.