Vidonge Nilivyovimwaga Mbele Yenu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Leo nashuhudia nikiwa nimekaa. Miguu imechoka, na mimi mwenyewe nimechoka, nisiwadanganye.

Mnanijua. Darasa la tatu sikumaliza. Nilisukuma madumu ya asali kwa baiskeli kutoka kijijini Puge hadi mjini, mpaka nikapata duka mtaa wa Mtendeni. Sikuzoea kufundishwa na mtu.

Daktari aliniambia presha ya miaka mingi imeharibu figo zangu. Akanipa vidonge: "Mzee, rudi baada ya wiki mbili tupime damu. Kipimo cha figo kinaweza kupanda kidogo, usiogope." Nikarudi, kweli kimepanda! Yeye akasema endelea. Mimi nikasema moyoni, hivi vidonge ndivyo vinavyonila figo. Ndugu zangu, mnaikumbuka Jumapili ile nilipotangaza hapa nimepona, nikavimwaga sakafuni? Mlipiga vigelegele. Mungu hakuniambia nimepona. Nilijiambia mwenyewe!

Haikupita miezi mingi nikavimba uso na miguu. Pumzi ikawa inakata nikienda chooni tu. Mke wangu akasema, "Baba Neema, rudi kwenye dawa."

"Nimeshuhudia kanisa zima, halafu wanione kwenye foleni ya kliniki?"

"Haya, kashuhudie kaburini. Mimi nitabaki mjane wa mwanaume mwenye msimamo!"

Akanipakia kwenye bajaji kama gunia la mpunga. Hospitalini wakakuta nguvu ya figo imeshuka zaidi, na kilichokufa hakirudi. Muuguzi, binti mdogo kuliko mwanangu, akanieleza taratibu. Presha ndiyo inayozipiga figo. Kidonge kile kinapunguza msukumo wa damu ndani ya figo, ndiyo maana kipimo hupanda kidogo mwanzoni. Kikipanda sana, daktari ndiye anayebadilisha dawa. Ndiyo sababu ya kupima damu.

"Babu, umeelewa au bado tunashindana?"

Nikasema nimeelewa. Nikalia, ndugu zangu, mtu mzima mimi!

Sijapona. Nameza dawa kila asubuhi, napima damu, naomba. Bwana ameniokoa na kiburi changu kabla hakijanizika. Asante Yesu!

Sasa nasikia wapo watatu humu walioacha dawa zao kwa maneno yangu. Sitawataja. Nisameheni. Mtumainini Mungu aliyenivumilia, msinitumainie mimi. Kliniki ni Alhamisi. Nitakuwa kwenye benchi la mbele, watu wote wanione. Njooni tukae pamoja.