Mtoto Aliyeniuliza kwa Macho

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Elinami, kaa hapa mbele. Eunike, keti ubavuni pangu na binti yako Anande. Mali niliyo nayo ni kidogo na nitaigawa, lakini kwanza pokeeni jambo nililoliona, ambalo hata leo, miaka kumi na tano baadaye, likinijia navua kofia.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, Eunike, mumeo alipelekwa Burma na hakurudi, nawe ukaanza kukohoa damu, wakakupeleka hospitali upande wa Moshi, ukamwacha Anande ana miezi mitatu. Mama yenu alikwisha kufariki. Mtoto akabaki na mimi, mzee niliyezaa watoto sita, mkabaki ninyi wawili, nisimbebe hata mmoja, kwa kuwa sisi wanaume wa rika langu tuliona ni aibu. Jirani yetu Tabea ndiye aliyekuja kumnyonyesha pamoja na mwanawe. Mimi nilimfunga kifuani kwa shuka nikipalilia kahawa, nikimwimbia nyimbo za kanisani nilizozikumbuka nusunusu.

Nilidhani mtoto hufuata tumbo. Sivyo. Alipotimiza miezi minane alinyonya huku macho yakinitafuta, na nikitoka nje aliliachia ziwa akalia. Maziwa yalikuwa ya Tabea, moyo ulikuwa kwangu. Alikuwa akitambaa kumwendea mbuzi, anasimama njiani, anageuka kunitazama usoni. Nikitabasamu anaendelea, nikikunja uso anarudi. Kiumbe asiyejua neno hata moja aliniuliza, akaliamini jibu langu. Niliogopa, wanangu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha madhabahuni.

Kisha Eunike ukarudi, umepona, baada ya miezi kumi na minne. Ulimnyooshea mikono, naye akajificha ndani ya koti langu akipiga kelele. Nilikuambia uwe na subira. Sasa naungama: moyoni nilifurahi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, nami nikaigeuza methali hiyo kuwa fimbo ya kukupigia. Siku tatu Anande alikutazama, akanigeukia kuuliza, nami nikakunja uso. Hukujua. Ulidhani mwanao amekukataa.

Siku ya nne ulikuwa ukimenya ndizi uani, ukaniambia bila kuinua kichwa, “Baba, kama hanitaki, niache niwe namtazama tu.”

Neno hilo lilinivunja. Mtoto alipogeuka kuniuliza, nilitabasamu, ingawa midomo ilikuwa mizito kama jiwe la kusagia. Alipiga hatua tatu, akarudi kunigusa goti, akaenda tena, akarudi, akaenda. Mwisho aliweka kiganja chake juu ya paja lako. Nilidhani nimempoteza, kumbe alikuwa na nafasi ya wawili, na kila aliponiacha aliniacha kwa sababu alijua nipo.

Nisamehe, Eunike. Nawe Elinami, unayesema nilimpendelea mtoto wa ukoo mwingine, unasema kweli. Wewe sikukubeba hata siku moja, na deni hilo siwezi kulilipa. Nisamehe nawe.

Sasa shikeni. Kihamba cha juu, shamba la migomba la ukoo, na ng'ombe wote ni vya Elinami. Kihamba cha chini, kando ya mfereji, chenye kahawa, ni cha Eunike, na baada yake ni cha Anande. Asije mzee wa ukoo akasema msichana harithi, maana nimesema mbele yenu nikiwa na akili zangu.

Nipeni maji... Inatosha.

Elinami, mkeo amejifungua wiki iliyopita, na hujamshika mtoto. Usimngojee akue. Mbebe leo, watu wacheke. Mbebe ukienda shambani.

Mungu aliyeupandisha mlima Meru hapo juu awatunze. Awape... awape mvua kwa wakati wake, na mioyo isiyofungwa. Anande, mjukuu wangu, nenda na mjomba wako, mkamlete huyo mchanga. Nendeni wote. Mimi nipo.