Kuku Aliyetangulia Duarani

Wapendwa, nimeambiwa niseme kwa kifupi. Nitajitahidi, ila mkiona narefusha mnivumilie, hili sijawahi kulisema mbele ya watu. Mama zangu wa hapa Kitaji mmekuwa mkiniulizaga, "Hivi mwanetu, huko maabara Butiama unapikaga nini?" Leo nawaambia, pamoja na uongo niliopika.

Tunatengeneza kioo kinachonusa moshi. Tunakipaka utando mwembamba wa oksaidi, kitu cha jamii ya kutu, halafu tunakichoma kwenye tanuru. Shida ni kwamba ukipaka hivi hivi, chembe zake zinakaa ovyo, kila moja inaangalia kwake. Ninyi mliolima Mugeta mnaelewa: ukipanda pamba bila kamba, shamba linakuwa vurugu. Kamba yetu sisi ni vijikaratasi vya madini, vyembamba mpaka jicho halivioni. Tunavimwaga vielee juu ya maji, tunavisogeza taratibu mpaka vigusane, kisha tunainua kioo kutoka chini navyo vinanasa. Ukipaka oksaidi juu yake, chembe zote zinasimama upande mmoja.

Kioo cha kwanza kilikubali. Picha ya eksirei ilitoka na kilele kimoja kirefu, maana yake chembe zimejipanga, na mwalimu wangu wa maabara, mama mtu mzima, akacheka mpaka akakaa chini. Tukakifunga kwenye kifaa. Kikipata moshi wa petroli taa nyekundu, hewa ikiwa safi taa ya kijani. Tukakubaliana tutengeneze vingine viende machimboni, maana wachimbaji wanashushaga pampu ya petroli kwenye duara, lile shimo lao, kuvuta maji. Moshi wake umeshaua watu.

Ndugu zangu, baada ya hapo hakuna kilichokubali. Miezi. Picha zinarudi na vilima vidogo vidogo kama vichuguu. Nikabadilisha moto, nikabadilisha dawa, wapi. Mwalimu akiniuliza, nasema tunaendelea vizuri, mama. Siku moja nikachukua picha ya kioo cha kwanza, nikaiweka kwenye ripoti ya vile vibaya. Ndiyo, mimi ninayeimbaga kwaya hapa mbele. Kuvijaribu kwa moshi ilikuwa kazi yangu, nikaandika vimepita.

Ripoti ikasifiwa, vioo vikafungwa kwenye vifaa. Kila nikifungua kabati naviona vifaa vimepangwa pale, nalifunga haraka. Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, vikachukuliwa kwenda machimboni.

Sasa mdogo wangu wa kiume ni mchimbaji. Akanipigia simu, "Dada, wametuletea kile kifaa chenu. Kesho mimi ndiyo nashuka nacho. Wenzangu wanasitasita, nikawaambia mimi siogopi, kimetengenezwa na dada." Nikajibu, "Sawa." Nawaambia ukweli wa Mungu, nilijibu sawa, nikakata simu.

Asubuhi nilipanda bodaboda mpaka machimboni. Nilimkuta ameshajifunga kamba kiunoni, pampu imetoka kuzimwa, kifaa kiko shingoni kinawaka kijani. Nikamwambia mbele ya wenzake wote, "Vua hicho. Ni kibovu, na nilijua."

Akacheka. "Dada, umeingiwa hofu tu. Si unaona kijani?"

Nikakaa kwenye mdomo wa duara, nikamwambia atanikanyaga mimi kwanza. Msimamizi wao akasema basi, atangulie kuku. Wakamfunga miguu, wakamweka kwenye ndoo pamoja na kifaa, wakashusha. Tulisubiri. Ndoo ilipopanda, shingo ya kuku ilikuwa imelegea, amekufa. Pembeni yake taa ilikuwa ya kijani.

Mdogo wangu hakunigombeza. Alianza kufungua ile kamba kiunoni.

Siku hiyohiyo nilienda kwa mwalimu nikasema yote. Vifaa vikarudishwa, nikasimamishwa kazi. Aliponiita tena, hakunikabidhi tanuru. Alivuta kiti, akasema, "Nionyeshe unavyofanya, kuanzia unavyochota maji." Nikaleta dumu langu. Mashine yetu ya kusafisha maji iliharibika baada ya kile kioo cha kwanza, nikawa nayafuata maji yaliyosafishwa huku Musoma, kwa dumu lililokuwa la mafuta ya kula. Nililisugua kwa mchanga na sabuni, kama sote tunavyofanyaga nyumbani.

Mwalimu akanusa mdomo wa dumu. "Mwanangu, hili ni la maji ya kunywa. Mafuta hayaishagi humu." Mafuta hayo, hata yakiwa kidogo mpaka jicho haliyaoni, yanatanda juu ya maji na kuvisukuma vile vijikaratasi visikutane. Miezi yote ile, dawa yake ilikuwa kusema tu, mama, nimeshindwa, njoo uangalie.

Namshukuru yeye. Nawashukuru ninyi mama zangu, mlioniletea unga nikiwa nyumbani bila kuniuliza nimefanya nini. Nilichojifunza ni hiki: ukiharibu, sema kitu kikiwa bado mezani. Usisubiri mtu ajifunge kamba.

Siku hizi maji yanakaa kwenye chupa za kioo, na utando unakubali. Vifaa vipya nimevijaribu kwa moshi, mwalimu akiwa amesimama pembeni. Mdogo wangu yule pale mlangoni, amekuja na mkewe. Juzi nilimpelekea kimoja. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, halafu akaenda kutafuta kuku.