Mtambo wa Gesi Uliopigiwa Kura Biryogo

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa mradi wa nishati, asalaam aleikum, na muraho kwa wote mliofuatana naye kutoka Kiyovu. Sisi wapishi wa Biryogo tunawakaribisha. Tumekuona, Bwana, ukishuka garini na leso puani. Vumilia kidogo, harufu hiyo ndiyo habari yenyewe.

HISTORIA

Tulianza na kuni, tukaja kwenye makaa, ambayo nayo ni kuni zilizofukiwa udongo zikaungua kwa hewa haba. Ipo na spiriti, inayotoneshwa kutoka maji ya ndizi yaliyochachuka; hiyo tumewaachia majirani, na wengine wao huiwasha tumboni. Ndipo mwaka jana, 1985, mkatujengea mtambo. Mavi ya ng'ombe na maji, sawa kwa sawa, yanafungiwa bila hewa katika tangi lililofukiwa shimoni, yanaoza, na gesi inapanda hadi jikoni.

MAFANIKIO

Mukandekezi, muuza chapati wetu, aliwasha jiko siku ya kwanza akatokwa na machozi, na moshi haukuwapo wa kusingiziwa.

CHANGAMOTO

Fundi wenu Nsabimana, kijana mwema mwenye ulimi wa nyumbani, alituaga akiwa juu ya pikipiki: "Mutambo isikose kura kila wiki! Ikikosa kura, moto iko nazimika!"

Mukandekezi alishangaa. Tangu lini sufuria ikaiva kwa uchaguzi? Lakini serikali ni serikali. Kila Ijumaa baada ya swala tukapiga kura. Tukamchagua Mzee Rutayisire mwenyekiti. Moto ukapungua.

"Labda tulichagua vibaya," Mukandekezi akasema.

Tukamwondoa mzee wa watu, tukamweka yeye. Alijifunga kitenge kipya. Moto ukazimika kabisa.

Nsabimana aliporudi akauliza, "Mama, munaipa kura?"

"Tumeipa, mwanangu! Mimi ni mwenyekiti wa pili!"

"Mwenyekiti wa nini? Kura! Kura na mudomo! Mavi, Mama, iko nakura mavi!"

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mtambo ulikuwa na njaa, nasi tulikuwa tunaupa demokrasia.

MAOMBI

Tumesikia ofisi yako imeamua tangi ling'olewe leo lipelekwe Kabuga, kwa kuwa tumeshindwa kulitunza. Bwana, Mukandekezi amekatazwa moshi na daktari. Tangi likiondoka, ama aache chapati, ama aache macho. Kabuga wajengewe lao, tena watumiwe fundi mwenye kuandika maagizo.

Sisi tangu siku ile tunabeba mavi kutoka machinjioni Nyabugogo, kwa zamu, wenyeviti wote wawili wakiwa mbele. Na chai hiyo uliyoisifu ulipoketi, Mukandekezi ameichemsha kwa mtambo uliokuja kuung'oa. Tunakuomba uimalize kabla hujawaita wenye sururu.

Mungu akurudishe salama. Gira inka, Bwana Mkurugenzi: uwe na ng'ombe wengi, wala wasifunge choo.

Ni sisi,
Umoja wa Wapishi wa Biryogo, Kigali.
Imesomwa na Maneno, katibu, ambaye hakuchaguliwa.