Sura ya Saba Isirukwe: Wasifu wa Candida Shirima

Marehemu Candida Anselmi Shirima, Mama Aaron kwa wengi wetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini Mengwe, Rombo. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba, na kwa hesabu hakuna aliyemfikia. Mwaka 1975 alikuja Dar es Salaam na begi moja. Aliuza mitumba Mchikichini kwa miaka mingi, hadi alipofungua duka lake la vitenge Kariakoo mwaka 1988.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na marehemu Anselmi Shirima, wakajaliwa watoto wawili, Aaron na Evelyn.

Alikuwa mkali, na ameagiza hilo lisifichwe. Evelyn alipoacha masomo ya uhasibu ili awe mwigizaji, mama alimwambia dukani kuna kazi tele, hana haja ya kwenda kulia mbele za watu. Tangu hapo zilibaki salamu tu: "Shikamoo, mama." "Marahaba." Basi.

Mwaka 2011 Evelyn aliigiza bibi harusi aliyefariki, akalazwa kwenye jeneza. Filamu ikawekwa kwenye televisheni ya dukani. Evelyn alipofika mlangoni alikuta wateja wanajifuta machozi, na mama yake amesimama na kitenge mkononi, macho makavu, biashara inaendelea. Aligeuka akaondoka bila kuingia. Miaka kumi baadaye alitoa kitabu cha maisha yake, na sura ya saba ilimweleza mama asiye na chozi kwa mwanawe hata akimwona jenezani. Ukoo mzima ulichemka. Mama Aaron aliendelea na duka lake.

Kisukari kilimwanza mwaka 2016, kikamnyima macho mwaka 2023, kisha kikaingia kwenye figo. Ndipo alipomwita Evelyn amsomee kile kitabu. Evelyn alisoma kwa siku kadhaa, na kwa woga akairuka sura ya saba.

"Ya saba iko wapi?" mama akauliza. "Macho ndiyo yamekwisha, kuhesabu bado najua."

Akasomewa yote. Evelyn akangoja kufukuzwa.

"Nilie nini?" mama akasema. "Nilikuona unapumua. Nilikuangalia kifua tu, mpaka filamu ikaisha. Kile kitenge nilikikunja mara ngapi, sijui."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe uliniuliza?"

Walilia wote wawili, bila kificho. Tangu siku hiyo Evelyn hakuondoka kando ya kitanda chake. Wakubwa wa ukoo walipotaka wasifu huu uandikwe na mtu mwingine, na kitabu kisitajwe, mama mwenyewe, akiwa bado hai, aligoma. "Aandike huyuhuyu. Na ya saba asiiruke." Basi haikurukwa.

Mama Aaron alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Evelyn akiwa amemshika mkono. Mwili ulipoletwa nyumbani Ilala, binti huyo alisimama kando ya jeneza akimwangalia mama yake kifua, muda mrefu, mpaka Aaron alipomshika bega.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, mdogo wake Severa, na jirani yake wa dukani kwa miaka thelathini, Bi. Jashoda. Ameomba azikwe hapahapa Dar, kwa kuwa wateja wake wako hapa.

Leo duka limefungwa. Mungu amjalie Mama Aaron pumziko la amani.